Tela Lililojua Mwisho wa Nguvu Zake

Habari ilinikuta shambani nikipalilia maharage: jirani yetu mwenye tela hapa Nyabiyonza amefariki, usingizini, tumbo likiwa limeshiba. Nikaweka jembe chini. Nikasema, basi amekwenda kama alivyoendesha, polepole. Ninyi wasomaji wangu mnanijua, shule niliionja tu nikaitema, lakini huyu nitamwandika mwenyewe.

Alikuwa na pikapu kuukuu na tela la magurudumu mawili, akibeba kahawa ya watu mpaka Kaisho. Ilipotoka amri kwamba kila tela liwe na kibati ubavuni, kinachosema limetengenezwa na nani, lina uzito gani na mwisho wa mzigo wake ni upi, na juu ya kila gurudumu iandikwe aina ya tairi na upepo wake, wenzake walipigilia kibati wakakisahau. Yeye alikitii. Watu wakamcheka, wakamwita Mume wa Kibati.

Mjukuu wangu, mwalimu (na msidhani sijisifu, ninajisifu), aliolewa ng'ambo ya mlima. Tulipakia kwenye tela lake kitanda, masanduku, mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kisha mashangazi wakajipakia juu. Nanyi mnajua desturi yetu: mzigo wa bibi harusi ukishatoka uani haugusi ardhi mpaka ufike kwa mume. Ukiwekwa njiani, na ndoa itarudi njiani. Mzee akazunguka tela, akachuchumaa, akatazama tairi zilivyovimba mashavu.

"Waitu, ndugu zangu, teremkeni."

"Tuteremke? Sisi mashangazi?" akaruka mkubwa wao. "Kibati chako kinatupima kama magunia ya kahawa!"

"Gunia la kahawa, shangazi, halibishani na dereva."

Wakateremka wakisonya. Akabonyeza tairi. "Bado."

Mlima ule una mteremko wa kuvunja shingo, na mjukuu wangu ameketi mbele katika pikapu hiyo hiyo. Lakini kupunguza mzigo, tuuweke wapi? Nikamwambia, "Baba, ukishusha kibuyu kimoja chini, umenivunjia nyumba ya mtoto."

"Mama, kilichokatazwa si ardhi?" akaniuliza. "Kichwa nani amekikataza?"

Basi vibuyu vikatoka kwenye tela vikapanda vichwani. Mimi nilichukua kikubwa kuliko vyote. Tukauvuka mlima kwa miguu nyuma ya tela, tukiimba harusi, na kati ya wimbo na wimbo tukimtukana dereva. Wakwe walipotuona tunashuka vichwa vimesimama, rubisi haijamwagika hata tone, wakapiga vigelegele: "Nyegera! Karibuni! Heshima gani hii!" Walidhani tumefanya makusudi. Nikapokea sifa kimya.

Lakini kwa kuwa tela halikupinduka, watu waliendelea kumcheka. Ndivyo tulivyo. Anayetutoa shimoni tunamchinjia mbuzi. Anayetuzuia tusitumbukie tunamwona msumbufu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi siku hizi tunapenda vyombo vya magurudumu kama vile gurudumu halichoki. Mjukuu wangu leo ana watoto na nyumba imara. Nani anakumbuka mashavu ya tairi?

Tulimzika kwa raha, kama anavyozikwa mtu aliyemaliza kazi. Jeneza lake liliwekwa kwenye tela lile, na wanaume, kwa uvivu wao, wakaanza kupanda kulishikilia. Mjane wake akasimama mbele yao. "Akina baba, mmesoma kibati?"

Wakashuka mmoja mmoja, hata waliokuwa wakimcheka. Tukatembea wote nyuma ya tela mpaka kaburini, mimi nikiwa kando, nimeshika ubavu wenye kibati kwa mkono. Sikilizeni wajukuu: anayekubali kila mzigo ili asichekwe, msipande naye mlima. Pandeni na yule anayesema mapema, mbele za watu, "Hapa ndipo mwisho wangu." Huyo atawafikisha.