Ankara ya Maji na Ukuta wa Mama Adelina

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Wiki hiyo nilikuwa nimemwamuru mama mjane atoke nyumbani kwangu kabla ya Jumapili, kwa kosa ambalo, kama utakavyosikia, lilikuwa la mikono yangu mwenyewe. Mungu ni mwema, mambo hayakuishia pale nilipokuwa nayapeleka.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi baiskeli hapa Same, karibu na stendi ya mabasi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Marehemu baba aliniachia nyumba ya matofali mabichi, iliyopigwa chokaa, yenye vyumba vinne. Viwili nikakaa mimi, viwili nikapangisha. Siku hizo mtu mwenye nyumba ya kupangisha hakusemwa vizuri. Wenzangu walinitania wakiniita kabaila, nami nikicheka, maana kabaila gani anashinda na mikono yenye grisi? Lakini ukabaila, mwanangu, haupimwi kwa idadi ya vyumba. Humea moyoni, na kwangu ulikuwa umeshaota majani bila mimi kujua.

Mpangaji wangu aliitwa Mama Adelina, Muha wa Kigoma. Mumewe aliletwa huku kukata mkonge, wakaishi kambini miaka mingi, mume akafariki, naye akahamia mjini na binti yake Adelina, mtoto wa miaka tisa. Alipika uji na maandazi akiwauzia madereva wa malori. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu mdogo, tena mpole. Kodi yake haikuchelewa hata mara moja.

Tulikuwa na mita moja ya maji, pale mbele karibu na njia, na kutoka hapo bomba lilipita chini ya ardhi, kandokando ya ukuta wa Mama Adelina, hadi uani. Wewe unaijua Same. Mvua hutupita ikaenda kunyesha milimani, sisi tukabaki na vumbi. Kwa hiyo maji yalikuwa ya kuheshimiwa. Tulikubaliana ankara tugawane nusu kwa nusu, tukaishi hivyo bila neno.

Kiangazi kimoja ankara ikaja mara mbili ya kawaida. Mwezi uliofuata ikaja mara tatu. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza, nilishitaki. Nikamkuta Mama Adelina anasonga unga wa maandazi, nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, "Mama, kumbe unawauzia watu maji ya nyumba hii?"

Akafuta mikono. "Baba, maji yangu ni ya uji, ya kufulia, na ya kuoga mimi na mtoto. Tena nilikwambia mwezi juzi, ukuta wa chumba cha ndani unatoka jasho. Ingia utazame."

"Ukuta hautoki jasho. Acha kufulia ndani."

Nikageuka nikaenda zangu. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama. Kutoka pale niliposimama mpaka kwenye ukuta ule zilikuwa hatua sita.

Nikanunua kufuli na mnyororo, nikalifunga bomba la uani. Mimi sikuumia, kwa sababu nilikuwa na bomba langu la jikoni, nililojiungia mwenyewe miaka miwili kabla ya hapo. Mama Adelina na binti yake wakawa wanachota kwa majirani, ndoo kichwani, kabla hata ya kuinjika uji. Mwezi ukaisha, ankara ikaja. Haikupungua chochote. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajikuna kichwa. Mimi nikasema huyu mama amechonga ufunguo. Ndivyo hasira ilivyo, ukishaikaribisha kitini haimpishi mwingine.

Basi nikamwambia mbele ya majirani kwamba Jumapili isimkute. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, baba. Mungu anajua," akaanza kufunga vyombo vyake kwenye kanga. Alikuwa anarudi kambini kwenye mkonge, kwa watu aliowahi kuishi nao, asijue binti yake atasoma wapi.

Ijumaa ya wiki hiyo shangazi yangu Nakundwa alishuka kutoka Suji, kijiji chetu cha milimani, kuja kunisalimia. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Babu yetu alikuwa msimamizi wa ndiva, yale mabwawa ya kwetu milimani ambayo hujazwa maji kisha yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani kwa mifereji. Shangazi alikulia kwenye kazi hiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yule mama anafunga mizigo, kuna msiba?"

Nikamweleza yote, nikitegemea anipongeze. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Elieza, kule kwetu maji yasipofika shambani, anapigwa nani kwanza?"

"Hapigwi mtu, shangazi."

"Hufanywa nini?"

"Watu hutembea ukingoni mwa mfereji, toka juu mpaka chini."

"Na wewe umetembea?"

Shangazi akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye mita. Kutoka hapo akaanza kutembea polepole kando ya nyumba, macho chini. Nyuma ya chumba cha Mama Adelina akasimama. Palikuwa na nyasi mbichi, nene, urefu wa goti. Nilikuwa nazipita kila siku na baiskeli yangu.

"Mbuzi wa mji huu wanakula makaratasi kwa njaa," akasema. "Hizi zinanyweshwa na nani?"

Nikasema labda ni maji ya kuogea. Akauliza, "Kile kidude kinachohesabu maji, mabomba yakifungwa hulala?"

Nilitaka kucheka. Bomba la uani lilikuwa na kufuli. Nikaenda kulikaza la jikoni kwa nguvu zangu zote, nikarudi kwenye mita ili nimwonyeshe bibi wa milimani jinsi mitambo inavyofanya kazi. Mshale ulikuwa unazunguka. Wala haukuzunguka kwa kusitasita, ulikuwa unakwenda kama gurudumu la baiskeli iliyogeuzwa kichwa chini.

Shangazi hakunisubiri. Aliingia kwa Mama Adelina, akapiga hodi akiwa ameshafika ndani, akaweka kiganja kwenye ule ukuta. Kikatoka kimelowa. Akainama, akagusa tofali la chini kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye ugali wa moto. Kitanda cha Adelina kilikuwa kimeegemezwa hapo hapo.

"Toeni kitanda," akasema. "Toeni kila kitu. Sasa hivi."

Tukatoa kitanda, masanduku, sufuria, hata picha iliyokuwa imetundikwa. Nikafunga koki ya kwenye mita, nikachukua jembe nikachimba pale penye nyasi. Sikuchimba sana. Nikakuta lile tawi la bomba nililoliunga miaka miwili nyuma ili nijipelekee maji jikoni. Maungio yake yalikuwa yamefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli na waya. Niliitambua kazi yangu, mwanangu. Fundi hasahau fundo lake. Sikutaka kumlipa fundi bomba, nikajifanya najua, na ule mpira ulikuwa umeoza.

Bado nimeinama mle shimoni, ukuta ukakohoa. Sijui neno jingine la kuuelezea ule mlio. Shangazi akapiga ukelele, nikaruka nyuma, na ukuta mzima ukaangukia ndani, palepale kilipokuwa kitanda.

Vumbi lilitanda hata tusionane. Nikamsikia Mama Adelina anaita, "Adelina! Adelina!" na sauti ndogo ikajibu, "Bee, mama! Niko huku kwenye vyombo!" Katika maisha yangu nimesikia kwaya nyingi nzuri, lakini sijasikia sauti tamu kupita ile. Nikaketi chini kwenye tope nikalia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeponea chupuchupu kuua.

Vumbi lilipotulia shangazi akanisimamia. "Ungemtoa Jumapili, Jumatatu ungemwingiza mwingine kwenye chumba hicho hicho," akasema. "Nyani haoni kundule, lakini wewe umepewa shingo. Geuka ujitazame. Na ulimtukana mbele ya watu, kwa hiyo msamaha wa chumbani hautoshi."

Tukamwita mjumbe wa nyumba kumi na majirani wale wale. Nikasimama nikasema kosa ni langu. Mama Adelina akasema, "Mimi nilitaka tu uje utazame." Kisha akatabasamu, na majirani wakaanza kucheka, nami nikacheka na machozi yangu. Mjumbe akasema neno ambalo nimeliishi tangu siku hiyo, kwamba maji yanayotoka bombani ni ya aliyefungua, na yanayopotea chini ya ardhi ni ya mwenye ardhi. Mama Adelina alirudishiwa nyongeza yote aliyoitoa. Ofisi ya maji nilikwenda, nikawaeleza ukweli, wakanikubalia nilipe deni la ankara kidogo kidogo. Nilirudi nikipiga mluzi njia nzima.

Niliwapa vyumba vyangu nikalala kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli mpaka ukuta mpya uliposimama, safari hii kwa tofali za kuchoma, na bomba likaungwa na fundi wa kweli. Mama Adelina alikaa kwangu miaka minane mingine. Adelina alisoma hapa hapa Same akawa muuguzi.

Sasa nikwambie, mwanangu. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta niliiimba darasani nikiwa mdogo, nikadhani ni maneno ya kupatia alama za mtihani. Kumbe kuna watu huujenga huo ukuta kweli, kwa tofali. Ukiwa na nyumba, yaliyofichika ndani ya kuta na chini ya sakafu ni jukumu lako, usimtwishe mpangaji. Ukiwa mpangaji, ukiona unyevu au tone, sema mapema, na usiposikilizwa mara ya kwanza sema tena mbele ya shahidi. Ankara ikija kubwa, fungeni mabomba yote, mwitane, muitazame mita pamoja. Mkimaliza kutazama ndipo mzungumze. Na usimshitaki mtu kwa jambo ambalo hujaliinamia kulichunguza, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kazi usiyoijua, mpe anayeijua.

Mungu akujalie paa lisilovuja na moyo usioona haya kusema nimekosa. Wanaolala chini ya dari yako waamke salama, na wewe ulale bila deni la machozi ya mtu. Amina.