Hatua Kumi na Nne za Orville Pruett

Orville Pruett hakuwa mlevi. Wanaosema pombe ndiyo iliyomuua, wakiwamo binamu zake wawili wa Iowa waliokula mezani kwake, wanasema wasilolijua. Katika picha za kuchekesha thelathini na moja alicheza mlevi, na maishani mwake hakuonja hata bia.

Kilichomyumbisha ni ugonjwa wa sikio. Ulimpata mwaka 1919, na tangu hapo ardhi ya Los Angeles ikawa inapanda na kushuka chini ya miguu yake. Aliwaficha wote isipokuwa mkewe Cordelia, mwalimu wa shule, mwenye kifua cha kutunza siri. Mgonjwa hapewi kazi ya kutembea juu ya mapaa mbele ya kamera. Mlevi anapewa.

"Pombe imepigwa marufuku nchi nzima," mwongozaji Strunk alikuwa akimtania, "wewe mwenzetu unachota kisima gani? Tuonjeshe basi!"

"Mke wangu amekifunika, bosi."

Cordelia, aliyekuja kumchukua, alicheka pamoja na waigizaji, moyo ukimchoma. Kanisani akina mama walikuwa wameanza kukaa mbali naye.

Kisha Strunk akahitaji jaji: mzee wa heshima, atembee wima kutoka mlangoni hadi kitini. Hatua kumi na nne. Orville aliitaka nafasi ile kuliko chakula.

"Delia, nikianguka hapa, nitabaki mlevi mpaka kaburini."

"Huanguki. Fuata sauti yangu."

Siku hizo picha zilikuwa bubu. Kamera ilikwaruza, maseremala waligonga misumari, mpiga fidla alipiga fidla yake kuwatia waigizaji hisia. Nani angemjali mwanamke anayesema polepole kando ya kamera? Orville akaja. Kuta zilipinda, madirisha yalielea, mwanga ulimwagika kama unga, naye akatembea ndani yake kama mtu aotaye. Sauti ile peke yake ndiyo iliyotulia mahali pake. Akaketi.

"Hee! Kumbe jamaa akiacha mtungi ni jaji kweli!" Strunk akapiga makofi.

Miaka sita alicheza majaji, wachungaji na baba za mabibi harusi, mkewe kando ya kamera. Akina mama wakarudi kukaa karibu.

Ndipo picha zikaanza kusema.

"Shemeji, leo kimya," Strunk alimwambia Cordelia. "Hiki chombo kinasikia hata inzi."

Milango ikafungwa, taa nyekundu ikawaka. Orville akapiga hatua tatu katika ukimya mzito kama pamba. Akasimama, akaushika upepo, akaketi sakafuni taratibu, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

"Kalewa tena huyo," mtu akasema, na neno hilo ndilo lililotoka nje ya mlango.

Cordelia alifungua kinywa awaambie. Orville akatikisa kichwa.

"Waache, Delia. Walizoea kunicheka. Sitaki wanilie."

Akiwa hai alitiiwa. Sasa amezikwa, na ukweli ni huo.

Wengi huuliza ni maneno gani aliyokuwa akiambiwa pale kando ya kamera. Yalikuwa yake peke yake. Mjane wake, mwenye kalamu hii, hayasemi, na asiulizwe tena.