Neno Jeupe Ubavuni mwa Garimoshi

Mimi ndiye niliyemfasiria baba yangu lile neno. Watu wa nyumbani kwetu walikuwa na adabu ya kusema ni bahati mbaya, ni mambo ya Wafaransa, ni kudura. Si kudura. Ni mimi, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kiburi cha mtoto aliyewashinda wenziwe kusoma.

Wakati huo tulikaa kisiwani Nosy Be, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Ndani tulisema Kingazija, kwa kuwa babu zetu walitoka Ngazija. Uani na majirani tulisema Kimalagasi. Kifaransa kilikuwa lugha ya karatasi, na katika nyumba yetu karatasi zote zililetwa kwangu, maana ni mimi peke yangu niliyekuwa nimepelekwa shule.

Kiwanda kilikuwa na reli yake nyembamba. Mchana garimoshi lilivuta miwa, lakini asubuhi na jioni lilivuta watu, mabehewa matatu ya mbao yaliyo wazi pande zote, mabenchi yake yamesuguliwa na makalio ya watu hadi yanang'aa. Wanawake wa mashamba ya mlangilangi walipandia njiani, na harufu ya maua ikapanda nao. Watu husema ni harufu nzuri. Mimi inanitia kichefuchefu hadi leo.

Dereva wa garimoshi hilo alikuwa baba. Alitoka katika ukoo wa mabaharia, na ingawa yeye mwenyewe hakwenda baharini, maneno ya chombo hayakumtoka kinywani. Mbele ya garimoshi aliita omo, nyuma aliita tezi, na pale chini ya mabenchi wanawake walipoweka vikapu vyao aliita ngama. "Panda tezi, mama, omo kumejaa," alikuwa akisema, na wanawake wa Kimalagasi ambao hawakujua neno moja la Kiswahili cha kale walijua tezi iko wapi. Lile lilikuwa dude kuukuu, linavuja mvuke kila kiungo, lakini apendaye chongo huita kengeza.

Kisha yakaja malori. Wafanyakazi wakaanza kubebwa kwa malori, na siku moja Mfaransa mkubwa wa mitambo akaja na kopo la rangi nyeupe, akaandika neno moja ubavuni mwa injini, akaliandika tena kwenye kila behewa. Baba alikuja kunichukua nyumbani kabla hata hajanawa mikono.

Neno lilikuwa *réformée*. Nililitazama nikafanya nilivyofunzwa chuoni. Katika chuo cha Kurani tulifunzwa hijai, yaani kulikata neno vipande vipande, ukisome kila kipande, kisha uviunge. Kifaransa nacho nilikikata hivyohivyo, na hakuna aliyeniambia kwamba kina mila yake. *Re*, nilikuwa nimefunzwa shuleni wiki ileile, maana yake ni tena: kufanya tena, kusoma tena, kurudi tena. *Forme* ni umbo. Nikaviunga.

"Itaundwa upya, baba."

"Una hakika?"

"Hakika."

Akalipiga injini kofi ubavuni kama mtu anavyompiga ng'ombe wake aliyepona. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba garimoshi la watu litaundwa upya na kwamba binti wa dereva ndiye aliyelisoma neno. Jirani aliniletea sahani ya vitumbua. Nilivila vyote.

Msiseme baba alikuwa mjinga. Alikwenda kumuuliza yule Mfaransa mwenyewe, akanyooshea kidole injini, akasema neno lile na kutabasamu, na Mfaransa akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, *réformée*. Karani mmoja wa kiwandani alijaribu kumwambia kwamba chombo kile kimekwisha. Baba akamjibu, "Binti yangu amesoma." Aliamini lile neno kwa sababu aliniamini mimi.

Injini na mabehewa yake vikavutwa hadi njia ya pembeni nyuma ya ghala, kwenye majani marefu. Baba akapewa kazi ya kupakia miwa kwenye malori, kazi ya vijana wasio na ufundi, akaipokea bila kunung'unika. Kila siku baada ya alasiri alikwenda nyuma ya ghala kulipaka injini mafuta ili lisishike kutu kabla mafundi hawajaja. Mwanzoni alipata grisi ya karakana. Mwenye stoo alipomnyima, alichukua mafuta ya nazi ya mama.

"Mwenzangu," mama alimwambia, "nywele zangu zimekauka, wali wetu mkavu, na chuma kinang'aa."

"Vumilia kidogo. Wakija watataka kulikuta zima."

Kila skrubu aliipaka, kila nati, kila kiungo. Alipofika kwenye lile neno jeupe alizungusha ncha ya kitambaa pembeni mwa kila herufi, asije akalichafua. Hakujua kusoma, lakini umbo la neno lile alilijua kuliko mimi.

Katika miezi hiyo ikaja barua ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa Mahajanga, bandari ya ng'ambo. Kinu cha mpunga kilikuwa kinatafuta mtu anayejua boila la mvuke, na mjomba alikuwa amekwisha kumtaja baba. Aje kabla ya mvua. Nilisoma, mama akamtazama baba, baba akaniambia niandike: tunashukuru sana shemeji, lakini garimoshi litaundwa upya, na anayelijua ni mimi, nikiondoka nani ataliendesha? Nikaandika kwa mwandiko mzuri.

Mwezi mmoja baadaye nilikutana na lile neno tena. Kulikuwa na mtu wa mtaa wetu aliyerudi kutoka jeshini akichechemea, akauza tumbaku barazani pake. Aliniita nimsomee karatasi yake, apate kujua kama ana haki ya chochote. Katikati ya karatasi kulikuwa na *réformé*.

"Utaundwa upya," nikamwambia.

Akacheka hadi akashika ukuta. "Kwa mguu huu, binti?" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka, akanieleza. Ndivyo jeshi linavyosema ukiwa hufai tena. Farasi, bunduki, askari, wote neno moja. Maana yake nenda zako.

Nilijiambia kwamba mashine si askari. Kesho yake nilifungua kamusi kubwa ya mwalimu, na pale chini ya maana ile yangu nzuri, mistari minne chini yake, kulikuwa na maana ya pili: kuondoa kazini mtu au kitu kisichofaa tena. Mistari minne tu.

Alasiri ile nilikwenda nyuma ya ghala kumwambia. Alikuwa amelala chali chini ya injini, miguu tu inaonekana, anaimba kasida kwa sauti ya puani.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mama anakuita, chakula tayari."

Chakula hakikuwa tayari. Mama alishangaa kumwona.

Ikaja barua ya pili. Mjomba aliandika kwamba amewasihi wenye kinu wamngojee baba hadi mwisho wa Ramadhani, baada ya hapo watachukua mtu mwingine. Niliisoma yote, sikuruka neno. Baba akasema, "Andika kama ulivyoandika mwanzo." Nikaandika. Nilikuwa najua, na niliandika. Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini, na jibu si zuri: niliona haya. Nilikuwa nimekula vitumbua vya watu. Kila asubuhi nilisema kesho, na Ramadhani ikaisha.

Baada ya mvua wakaja watu sita kutoka Mahajanga na nyundo, spana na mtungi wa gesi wa kukatia chuma. Baba alivaa kofia yake ya udereva. Aliwachemshia kahawa, akawaonyesha skrubu ipi ifunguliwe kwanza na ipi ina ukaidi. Hakuna iliyokuwa na ukaidi. Mkubwa wao alimsifu, akasema amefungua mashine kuukuu maisha yake yote na hajapata kuona skrubu zinazoachia kwa mkono namna hii. Baba alifurahi sana. Alinitazama ili ajue kama nimesikia.

Siku ya tatu injini lilikuwa vipande vilivyopangwa juu ya majani. "Huwezi kuunda upya bila kufungua," baba akasema. Nikasema ndiyo, baba.

Mabehewa mawili yalivunjwa mbao kwa mbao, la tatu likabebwa zima. Vyote vikapelekwa gatini, na pale nilisimama na baba tukatazama magurudumu na vyuma vikitupwa chini kabisa ya merikebu ndogo, kuwa farumi, mzigo wa kukitia chombo uzito kisiyumbe. Baba akacheka kidogo. "Nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema. Aliitamka methali ile kama mzaha. Alifikiri chombo kinalipeleka garimoshi lake kwenye karakana ya Mahajanga, na wiki tatu baadaye aliuza vyombo vyetu, tukalifuata.

Mahajanga tulipanga chumba kimoja mtaa wa Ampisikina. Mjomba alitupokea vizuri na hakusema lolote kuhusu kinu cha mpunga, ambako boila lilikuwa tayari na mtu wake, kijana mwenye afya. Baba hakuulizia kinu. Aliulizia karakana. Alikwenda bandarini kila siku akiuliza ni wapi wanapoliunda upya garimoshi la Nosy Be. Wengine walidhani ana wazimu. Wengine walimfanyia mzaha, wakamtuma huku na kule juani, na alikwenda kila alikotumwa.

Mwisho alilipata behewa. Lilikuwa mtaa wa Tsaramandroso, uani kwa mfanyabiashara wa kuku. Pande zake zilikuwa zimezibwa kwa wavu, na kuku wamejipanga juu ya mabenchi wamesinzia. Lile neno lilikuwa bado lipo ubavuni, nusu yake imefunikwa na mavi. Baba alimwuliza mwenye nyumba, "Wanaanza lini?" Mwenye nyumba akamwuliza, "Kina nani?"

Alirudi nyumbani akatuambia, "Moja liko kwa kuku. Ni kwa muda tu." Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

Magurudumu aliyaona pia, mimi nikiwa naye. Maji yalikuwa yamepwa, na katika matope mekundu ya bandari kulikuwa na magurudumu mawili yaliyopigwa minyororo, yamefungiwa matishali yawe nanga. Moja lilikuwa na pengo ukingoni, pengo ambalo baba alizoea kunionyesha nikiwa mdogo. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasema magurudumu yote hufanana, twende.

Alivuta riksho mwaka mzima, mtu wa miaka yake, akiwapandisha watu ambao zamani angewaambia wakae omo au tezi. Kisha akapata kazi ya kubeba magunia bandarini, hadi kifua kikamshinda. Siku moja alirudi mapema, hatukuwa tumetarajia, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu Nosy Be. Alikuwa na karatasi. Karani wa getini alikuwa ameandika mstari mmoja, na chini ya mstari ule neno moja peke yake.

"Ni lile lile," baba akasema. Aliweka kidole chini yake, kidole kile kilichokuwa kikizunguka herufi na kitambaa. "Herufi moja imepungua mwishoni, lakini ni lile lile. Nisomee, mwanangu."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ningeweza kusema tena nilivyosema mwanzo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa anakohoa na kutabasamu kwa pamoja, na sikuweza.

"Baba, halina maana ile. Nilikosea. Maana yake hufai tena, nenda zako. Lile la injini pia."

Alikaa kitandani. Nje mtu alikuwa anaosha sufuria kwa mchanga, nikawa nasikiliza ule mkwaruzo ili nisisikie chumba. Mama ndiye aliyezungumza kwanza, na aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya barua ya pili ya mjomba."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mchele aliokuwa akichagua. Aliishi miaka ishirini baada ya hapo na hakuligusa tena jambo lile, wala mimi sikupata ujasiri wa kumwomba radhi.

Baba alikunja karatasi mara nne. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Nisingemaliza mafuta ya mama yako."

Aliishi hadi mvua zilizofuata. Barua zilizokuja katika miezi ile, za mjomba aliyekuwa amehamia Marovoay, za ndugu wa Nosy Be, alizichukua mwenyewe akatoka nazo akikohoa hadi mwisho wa mtaa, kwa muuza samaki mmoja aliyesoma miaka miwili tu na aliyesoma kwa kukwama kila neno. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni. Alikuwa akinipita na barua mkononi, ananisalimu, anakwenda.