Fainali Tuliyoisikiliza Foleni Nzima

Juzi, katika duka la kupigia simu la barabara ya Chaussée de Wavre, huku ughaibuni, kijana wa Indonesia alishika simu muda mrefu bila kusema neno. Nilikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni, nikisubiri kumpigia mama Bujumbura.

“Tonton, simu ni ya kusema!” alifoka maman mmoja kwenye foleni, akimwita mjomba kwa Kifaransa. “Unasikiliza nini?”

“Redio ya kaka yangu kule nyumbani; ameisogezea simu. Timu yetu ya kikapu ilianzia uwanja wa shule, ikachukua kombe mara mbili. Leo ni fainali ya tatu. Tumepitwa pointi moja.”

Foleni ikamsogelea. Maman akanibana mkono. “Bon, na sasa?”

Kijana alifumba macho, kisha akaruka.

Nilipompata mama, nilisahau hata salamu.

“Tumeshinda!”

“Nani?”

Jina la timu sikuwa nimeuliza.