Matumizi ni ya Mteja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa buti zilizonizidi namba mbili, tochi, kitabu kirefu chenye jalada gumu, na Fundi Mkuu wa kituo cha stima cha Kericho, ambaye alikuwa mzito kubeba kuliko hivyo vyote. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile buti, akauliza, "Kijana, unaogopa mbwa?" Nikasema siogopi. "Basi utaumwa," akasema, akarudi kwenye chai yake. Niliumwa wiki hiyo hiyo, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja, na Fundi Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha alinipeleka hospitali mwenyewe na kunisubiri mpaka nikachomwa sindano. Nilimpenda mtu yule.

Nyinyi mnaonunua tokeni za stima kwa simu hamkuijua kazi ya msoma mita. Mita za wakati wetu zilikuwa na kisahani cha bati nyuma ya kioo. Ukitumia stima nyingi kinakimbia, ukitumia kidogo kinajikokota. Kila mwezi nilisoma namba, nikatoa ya mwezi uliopita, na zilizobaki ndizo yuniti ulizotumia. Fundi Mkuu alinifundisha jambo moja zaidi ambalo halikuwa kwenye kitabu. "Mtu akilia bili imepanda, zima kila kitu ndani ya nyumba, halafu angalia kisahani. Kikisimama, nenda zako. Kikiendelea kuzunguka, kuna mlaji hujamwona. Mtafute."

Nilihamishiwa Kipkelion, na huko nikapata taabu kidogo, maana ndiko wazazi wangu walikofikia walipohama kutoka Mkoa wa Kati. Baba alikuwa na duka, mama alilima mahindi, na kila mtu alinijua. Bili ya jirani ikipanda, kosa lilikuwa langu mimi, Kamau. Nilingojwa nje ya kanisa na watu walioshika karatasi zao badala ya Biblia. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa shati lililonyooka na maneno machache. Aliponikuta siku moja nikimrekebishia mama fulani soketi, aliniita pembeni.

"Kamau, kazi yetu inaishia kwenye mita. Waya ikishapita hapo ni ya mwenye nyumba. Siku ukitengeneza ya mtu na nyumba iungue, utanitafuta mimi nikutetee?"

Hakukosea, na ndiyo sheria hata leo. Kutoka kwake nilijifunza kuandika ripoti fupi. Ukipima mita na kuikuta inahesabu sawasawa, unaandika: Mita iko sawa. Matumizi ni ya mteja. Unaweka sahihi, unafunga kitabu. Niliyaandika maneno hayo Kipkelion, nikayaandika Bomet, na nilipohamishiwa kituo changu cha mwisho, kidogo tu, karibu na Chepilat, mkono wangu ulikuwa unayaandika wenyewe.

Kufikia hapo vile visahani vilikuwa vinaondoka. Mita mpya zilikuwa na kitaa chekundu kinachopepesa: kadiri stima inavyopita nyingi, ndivyo kinavyopepesa upesi. Mimi nilikuwa na mvi, na nilijiona nimeyamaliza yote ya kuona.

Akaja Mama Kiprono, mama mmoja mkulima wa chai, na bili iliyokuwa karibu mara tatu ya kawaida yake. Aliiweka juu ya meza ya Mkuu wa Kituo kama mtu anayerudisha nyama iliyooza. Mkuu akanituma. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, chai juu, chai chini, na katikati kipande kimoja tu cha ardhi tambarare kati ya nyumba na boma la ng'ombe. Nilipima mita. Ilikuwa inahesabu sawasawa. Nikauliza swali ambalo sote tulizoea kuuliza: kuna kitu kipya kimeingia hapa nyumbani?

"Kipya ni huyu," Mama Kiprono akasema, akimwonyesha kwa kidevu msichana aliyekuwa akianua nguo. "Kijana yangu alioa juzi tu. Huyu alikuja na pasi, alikuja na ile mashine ya kukausha nywele. Kabla ya yeye tulikuwa tunalipa kidogo."

Msichana aliitwa Chebet, mtu wa Sigor, kule Chepalungu. Aliendelea kuanua nguo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema, "Ah, mama, pasi ni mlafi sana." Nikaandika maneno yangu, nikanywa chai yao, nikaenda.

Mwezi uliofuata Chebet alifika ofisini peke yake, akiwa na begi. Nilikuwa nimemsahau. Alikaa kwenye benchi, magoti pamoja, akaongea akiangalia sakafu.

"Mzee, ulisema ni mimi."

"Nilisema nini?"

"Ulisema ni pasi, na pasi ni yangu. Mama aliichukua akafungia kwa kabati, na ile ya nywele pia. Sijagusa mwezi mzima, nanyoosha nguo na mkono. Bili imekuja vile vile. Sasa wanasema nawasha kitu kwa kujificha." Akalisogeza begi karibu na magoti. "Hata ng'ombe imenikataa. Mama alikuwa anakamua Rosi vizuri, lakini tangu anipatie hiyo kazi inapiga teke, inamwaga maziwa, haitaki hata kuingia mahali pa kukamuliwa. Mama anasema ng'ombe inajua mtu. Anasema hata mtu wa stima alijua."

Nikamuuliza begi ni la nini.

"Naenda nyumbani. Nataka tu uniandikie barua useme si mimi. Nionyeshe baba yangu."

Nimeumwa na mbwa, nimepigwa na stima mara nne, nimeanguka kutoka kwenye nguzo moja kule Kipkelion. Hakuna kilichoniuma kama yule mtoto wa watu kuniomba barua. Tena alinena kwa adabu, bila hata kunilaumu. Niliingia kwa Mkuu wa Kituo, nikamwambia nataka gari na mchana mzima. Akaniuliza, "Si ulisema mita iko sawa?" Nikasema iko sawa, lakini mimi sikumaliza kazi. Alinitazama, akasukuma ufunguo juu ya meza.

Chebet hakutaka kurudi. Nilimwambia barua siwezi kuiandika bila kujua, na nataka awepo nikijua. Begi lake likabaki ndani ya gari.

Nilifanya kile ambacho Fundi Mkuu alinifundisha nikiwa na buti kubwa, na ambacho safari ya kwanza niliona uvivu kukifanya. Nilizima kila kitu ndani ya nyumba: taa, redio, friji, hata chaja ya simu. Tukatoka nje sote watatu tukakitazama kitaa. Kilikuwa kinapepesa kana kwamba kuna watu ndani wanapika.

"Pasi iko kwa kabati," Mama Kiprono akasema polepole.

"Iko kwa kabati, mama."

Kwenye boksi la fyuzi kila fyuzi inalinda sehemu yake ya nyumba, kwa hiyo nilizichomoa moja moja. Ya sebuleni, kitaa kikaendelea. Ya jikoni, kikaendelea. Nilipochomoa ya mwisho, ile ya boma la ng'ombe, kikatulia.

"Kule kuna balbu moja tu!" Mama akasema.

Ni kweli, balbu moja, tena iliyoungua zamani. Lakini kulikuwa na waya iliyozikwa ardhini kutoka nyumbani hadi bomani, chini ya kile kipande tambarare. Nilirudisha fyuzi ile, nikawaomba wasimame mbali, nikachukua voltimita, kifaa kinachoonyesha kama kuna stima kati ya sehemu mbili. Ncha moja niliichomeka kwenye udongo uliolowa mahali Rosi anapokamuliwa, ya pili hatua moja kando. Mshale uliruka. Stima ilikuwa inatoka kwenye waya mahali fulani na kunywewa na udongo, usiku na mchana, na mita ilikuwa inaihesabu yote kwa uaminifu.

Chebet alikuwa anakamua akiwa na gambuti za mpira, ndiyo maana hakuhisi kitu. Rosi alikuwa na kwato nne matopeni.

Mama Kiprono hakuamini. "Mimi nimekamua hapa miaka yote," akasema, na kabla sijamzuia akainama, viatu vyake vya raba vikiwa vimelowa chepechepe, akabandika kiganja kwenye udongo. Aliuondoa mkono upesi sana. Akaukumbatia kifuani, akamtazama ng'ombe, kisha akamtazama Chebet.

Nilichomoa tena ile fyuzi nikaiweka mfukoni. Mimi na Chebet tukachimba. Waya ilikuwa imezikwa kina cha kiganja tu, bila paipu, kazi ya fundi wa sokoni aliyetaka kumaliza kabla ya mvua. Katikati ya uwanja, hatua chache tu kutoka pale Rosi anapokamuliwa, tukafika mahali ambapo udongo ulikuwa mkavu na mgumu kama uliochomwa. Ngozi ya waya ilikuwa imepasuliwa, na juu yake kulikuwa na tundu lililoshuka moja kwa moja kutoka juu, upana wa kidole gumba.

Chebet ndiye aliyeanza kulifahamu. Aliinuka na jembe lake, akapima kwa macho tundu hilo na kona ya nyumba.

"Hapa palikuwa na hema," akasema.

Hema la harusi yake. Uwanja tambarare ulikuwa mmoja tu, basi hapo ndipo walipolisimamisha, na vijana wakagonga ardhini vyuma vya kufungia kamba zake kwa nyundo. Chuma kimoja kilipita kwenye waya. Harusi ikaisha, chuma kikang'olewa, mvua ikaingia, na siku ile ile bibi harusi akaanza kuwa mkosaji.

Nililazimika kusema na lile lingine. Niliwaambia stima ile ilipita kwenye mita, na waya ni yao, kwa hiyo bili zote mbili zitalipwa. Nilisema nikiangalia pembeni, maana nilidhani nitasikia tena habari za nani alileta nini.

Mama Kiprono alikuwa bado ameushika mkono wake. "Hiyo ni ya harusi," akasema. "Tulikuwa na kamati, tuliandika mchele, tuliandika hema, tuliandika soda. Hii ilisahaulika. Ni ya sisi wenye harusi, si ya huyu mtoto."

Kisha akaenda kwenye gari langu, akafungua mlango mwenyewe, akachukua begi la Chebet na kuliingiza ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na pasi. Hakuomba msamaha kwa maneno, na Chebet hakungoja maneno. Aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kulia, na mimi nikajifanya nafunika shimo.

Fundi mwenye leseni aliizika waya upya, chini sana, ndani ya paipu. Nilipopita baada ya majuma kadhaa kusoma mita, nilimkuta Chebet amelaza kichwa ubavuni mwa Rosi, ndoo imejaa povu, wote wawili wamenuna kwa sababu nimewasumbua.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Mkuu wa Kituo alisema mazuri mengi juu yangu, na mengi yalikuwa ya kweli. Lakini nikikaa hapa Kipkelion na chai yangu, siwafikirii mabosi. Nafikiria vitabu vyote nilivyofunga kwa maneno yale manne, matumizi ni ya mteja. Kila mara mita ilikuwa sawa. Sijui ni wangapi walioachwa wakilaumiwa ndani ya nyumba kwa maneno hayo, mke, mpangaji, msichana wa kazi, na sijui kama kuna aliyebeba begi bila kupitia ofisini kwangu.

Majirani bado wananiita, siku hizi kwa ajili ya tokeni zinazokwisha upesi. Naenda, na silipishi. Kabla sijatoa bisibisi nauliza ni nani hapa nyumbani anayelaumiwa. Wote huwa wanamtazama mtu mmoja. Huyo namwomba aje asimame na mimi mbele ya mita, awe wa kwanza kuona.