Kufunga Kikwembe Kabla ya Kupanda Jukwaani

Kazi yangu ya kwanza jukwaani ilikuwa kufa. Nilifika Panda, mtaa wa Likasi, asubuhi moja, kwenye jumba la zamani la starehe la wafanyakazi wa mgodi, nikiwa na diploma ya fasihi niliyotoka nayo Lubumbashi na viatu vipya vya michezo. Nilitegemea kuulizwa maswali juu ya historia ya tamthilia, na majibu nilikuwa nayo. Mama Directrice, aliyeanzisha kundi letu la wanawake na kuliongoza, alikuwa mtu mfupi aliyesoma shule ya misheni kule Mulungwishi. Aliongea kama mwalimu anayesahihisha daftari. Alianza na viatu vyangu, kisha akapanda hadi usoni.

“Unajua kucheza?”

“Niliandika mémoire ya kumaliza chuo juu ya ngoma za kilio, Mama.”

“Bon. Utakuwa maiti.”

Ndivyo nilivyoajiriwa. Katika tamthilia ya nyimbo, hadithi husonga mbele kwa kuimba na kucheza, na maneno makavu ni machache. Ile tuliyokuwa tukiiandaa ilianza na matanga: maiti amelala mkekani, wanawake wanamzunguka wakiimba. Nililala hapo juma zima, pua imejaa vumbi, nikitazama miguu ya wenzangu kwa jicho lililofunguka nusu, jambo ambalo maiti makini halifanyi. Lakini nilijifunza mengi. Ukiwa chini unaona nani anakanyaga kwa kisigino na nani anadanganya kwa vidole. Siku moja nikapiga chafya katikati ya wimbo. Mama Directrice hakusimamisha mazoezi.

“Fwa tena,” alisema, “na sasa ufwe kabisa.”

Ninyi mnaojifunza dansi kwa simu, huku muziki ukiwa tayari mfukoni, huenda msielewe tulivyofanya kazi. Wapiga ngoma wetu walikuwa watu wa kiwanda, wanaofuata zamu, na mara nyingi tuliwaona siku ya onyesho tu. Mazoezi yetu yalikuwa “kavu”, yaani bila ngoma: tulishika mapigo kwa mdomo na kwa viganja mapajani. Kwa hiyo ngoma ndiyo iliyotufuata sisi. Mchezaji aliyeongoza, tuliyemwita mama wa mbele, aliamua wimbo ugeuke lini kwa kushusha bega moja, na wanaume waligeuka naye. Mkuu wa ngoma, baba mnene aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, hakuacha kulalamika.

“Huku kwenu,” alisema, “ngoma iko sawa bwana ya nyumba mu sikukuu ya bamama. Banamupatia kiti, hakuna mwenye kumuuliza kitu.”

“Shi kiti umepata?” Mama Directrice alimjibu, akimwonyesha kiti. “Ikala.”

Kutoka umaiti nilipanda cheo nikawa mwitikiaji wa mstari wa nyuma. Waitikiaji ni kundi linalojibu wimbo wa mama wa mbele. Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka mmoja ajibu mapema. Mimi nilijibu mapema kwa miaka kadhaa, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma. Kisha, sijui kwa huruma au kwa uchovu, Mama Directrice alinipa nafasi ya mjane katika mchezo mpya: mwanamke wa kambi ya mgodi ambaye ndugu za marehemu wanataka kumrudisha kijijini, naye anagoma, anacheza kugoma kwake mbele ya mlango wa nyumba. Ilikuwa nafasi ya mama wa mbele. Niliingojea kuliko nilivyongojea kuolewa, na bahati yangu ikataka vyote viwili vije mwaka mmoja.

Hapo lazima nieleze sheria ya kundi letu. Zamani, kabla yangu, waume walikuwa wakipanda jukwaani onyesho likiendelea na kuwavuta wake zao mkono mbele ya watu. Mama Directrice akaweka utaratibu. Mwanamke aliyeolewa hapandi jukwaani mpaka mtu wa upande wa mume amfunge kikwembe, yaani kitenge cha kuchezea, kiunoni, mbele yetu sote. Akishafungwa, hakuna wa ukoo ule mwenye haki ya kuja kumshusha. Na mfungaji lazima awe mwanamke.

“Mwanaume atafunga leo,” alisema, “kesho atasema mama yake njo alikatala.”

Mume wangu, fundi umeme wa kiwandani, hakuwa na neno na dansi. Hakuwa na dada pia. Alikuwa na mama tu. Mama mkwe wangu aliuza samaki wakavu soko la Kikula, alikuwa mjane wa mtu wa kiwandani, na alisali katika kanisa la uamsho ambalo lilihesabu ngoma miongoni mwa kazi za shetani. Mume wangu alipompelekea ombi letu, alirudi mapema mno.

“Anasema nini?” nikamuuliza.

“Anasema mujane hachezake. Mujane anaonaka bintu, anafunga kinywa, analea batoto.”

“Ulimueleza kama huyu mujane anagoma?”

“Nilimueleza. Njo pale alisimama, akanionyesha mulango.”

Siku ya onyesho ikafika. Tulicheza alasiri, katika ukumbi wa parokia ya Kikula, na watu wa Panda walikuwa wamekuja na viti vyao. Nyuma ya pazia, sehemu tunayoiita kulisi, nilisimama nimezungushiwa kikwembe bila fundo, nikishika ncha zake kwa mkono kama sheria ilivyotaka. Kando yangu alisimama mchezaji wa akiba, amefungwa vizuri, akinionea huruma kwa namna iliyoniudhi.

“Mama, niruhusu tu leo,” nilimwomba Mama Directrice. “Nitafungwa kesho.”

“Kama hakuna kufunga, unabakia hapa,” alisema. “Nikikuachilia weye, kesho kutwa bwana ya mwingine anapanda.”

Alikuwa na haki, na ndiyo maana nililia. Nikiwa bado nalia, mlango wa nyuma ukafunguliwa na mama mkwe akaingia na harufu ya soko zima. Hakuwa amekuja kufunga. Alikuwa amekuja kunichukua.

“Kamata bintu yako, twende nyumbani.”

“Mama, banangojea miye.”

“Bakungojee! Muke ya mutoto wangu atalia bwana mu matamasha, na bwana iko muzima anatengeneza courant ya umeme?”

“Si bwana wangu, Mama! Ni mchezo!”

Niliposema hayo nilinyanyua mikono yote miwili, maana mimi siwezi kujieleza na mikono chini. Kikwembe kikaanguka hadi miguuni. Chini yake nilikuwa na kaptula ya mazoezi. Kwa mama mkwe, kaptula na uchi vilikuwa kitu kimoja.

“Yesu!” alipiga kelele. “Weye unataka kupita mbele ya bantu na mapaja inje?”

Alinirukia. Alikiokota kikwembe, akakizungusha, akakivuta mpaka nikakosa pumzi, akapiga fundo lile la wanawake wa soko ambalo halilegei hata ukibeba gunia. Alipomaliza alinipiga kofi dogo nyongani, kama anayefunga mlango.

Mama Directrice akasogea.

“Mama, aksanti mingi. Umemufunga.”

“Nimefunga nini?”

“Muke ya mutoto wako. Batu bote banaona.”

Vigelegele vikalipuka. Mama mkwe akatazama mikono yake. Angeweza kulifungua lile fundo, lakini hapo angekuwa mama aliyemvua mke wa mwanawe mbele ya wanawake wa Kikula, na kesho alikuwa na meza sokoni. Nilimwona akipima.

“Basi, cheza mbio,” alisema mwishowe. “Samaki iko inje.”

Watu huniuliza kama nilikiangusha kikwembe makusudi. Laiti ningekuwa na akili hiyo. Nilicheza vizuri siku ile, ingawa nilipumua kwa shida, na wengi walisifu jinsi mjane alivyoonekana amebanwa na dunia.

Baada ya hapo nilimcheza mjane miaka mingi, Likasi, Kolwezi, Lubumbashi na kwenye uwanja wa shule moja ambako mbuzi walipita katikati yetu. Nikawa mwalimu wa mazoezi, halafu Mama Directrice alipostaafu nikakalia kiti chake na kugundua kwamba kilikuwa kigumu. Utajiri sikuupata. Nilipata wanawake wanaoniita mama bila undugu, na magoti yanayojua mvua kabla ya wengine. Mwaka huu magoti yamesema imetosha, nami nimeyasikiliza.

Nilikwenda kwa mama mkwe kumwambia. Sasa ni mzee sana, anakaa uani akichambua samaki kwa mazoea tu. Miaka yote hiyo alisema hajawahi kuona hata onyesho letu moja. Nilitegemea aleluya.

“Na mujane?” akauliza. “Nani atamucheza?”

“Msichana mmoja wa Panda.”

“Ule murefu? Hapana. Ule anaanza kulia hata kabla ya kusikia habari ya kifo ya bwana.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwambia msichana jambo hilohilo mara nyingi, kwa maneno marefu.

“Mama, ulimuona wapi?”

“Nilikuwa napita.” Alitupa kichwa cha samaki kwenye beseni. “Muntu anakuya, anasimama pa mlango. Weye bado unasonga bukari. Unamuambia aingie, unatafuta kiti. Kilio inakuya nyuma, kiti ikisha kupatikana. Mulete huyu mutoto hapa.”

Nilimleta Jumamosi. Mama mkwe alimsimamisha jikoni na mwiko mkononi, kama anayesonga ugali, akatoka nje, akabisha mlango, akaingia kama mtu wa kiwandani aliyetumwa na habari mbaya. Walirudia na kurudia. Mimi nilikaa uani nikamalizia samaki, na sikuombwa ushauri.