Ukuta Nilioupima

Siku moja kabla ya kwenda kuandikishwa jeshini, mimi na Kamugisha tulikuwa Hamugembe tukimsaidia baba yake kujenga nyumba ya mwenye duka. Baba yake, Ta Rwegasira, ndiye aliyetufundisha uashi sote wawili. Siku hiyo alitaka kuongeza chumba kwenye ukuta wa zamani. Nikaugonga mara tatu kwa ngumi, nikasema ni mzima.

“Umebisha hodi,” akasema Ta Rwegasira. “Sasa ingia ndani.”

Akatoa msumari, akakwangua kati ya matofali. Chokaa ilikuwa ya juu juu, unene wa ukucha. Nyuma yake udongo mkavu ukamwagika kama unga. Kamugisha akacheka hadi akaketi chini. Akasema siku nikienda kuposa nitabisha hodi tu, kisha nirudi kwetu Buganguzi. Ta Rwegasira akanipa ule msumari niwe nao.

Sijui kama ninafaa kuandika habari za vita. Nilisoma madarasa manne, na wapo walioona makubwa kuliko mimi. Nitaandika niliyoyaona tu.

Kule Burma tulitembea siku nyingi kwenye mvua na matope. Mchana mmoja tukafika kijiji kilichokuwa kimeachwa. Palikuwa na nyumba moja ya matofali, haina paa, ukuta mmoja umesimama. Sajenti akatuambia tupumzike. Sikumbuki kama alisema tupumzike wapi, kwa hiyo sitamtupia lawama.

Kamugisha akatua mzigo wake chini ya ukuta. “Fundi, nipimie kiti changu.”

Nikaugonga mara tatu kwa kitako cha bunduki. “Mzima. Kaa.”

Msumari ulikuwa mfukoni.

Akaegemea, akavua kiatu kimoja.

Kombora likaanguka mbali, ng’ambo ya mto. Ardhi ikatikisika kidogo tu.

Ukuta ukalala.

Isipokuwa kipande cha pembeni, ulianguka wote pamoja, kama mkeka unaotandikwa. Tulimtoa kwa mikono. Kiatu kilikuwa palepale alipokiweka.

Barua ya serikali ilisema alikufa akipigana. Niliporudi, Ta Rwegasira alinipa niisome kwa sauti. Niliisoma yote. Sikuongeza neno, wala sikupunguza.

Miaka ikapita. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatangaza maonyesho mjini Bukoba, akatutaka sisi askari wa zamani tutengeneze kitu cha kuonyesha vita. Nikakijenga kile kijiji juu ya ubao wenye ukubwa wa mlango. Nilifinyanga matofali madogo kama punje za kahawa kwa udongo wa kichuguu, nikayachoma ndani ya chungu. Mwanzoni nilimwaga kifusi kwa kiganja, kikaonekana kama takataka za jikoni. Nikaanza upya. Nikaijenga nyumba nzima ndipo nikaibomoa, maana kifusi hulala kufuatana na ukuta ulivyosimama. Matofali yaliyoanguka pamoja nikayalaza safu kwa safu, kama nilivyoyaona. Juu yake nikapuliza vumbi la matofali yaliyotwangwa, na masizi kidogo.

Halafu, katika kipande cha ukuta kilichobaki, nikatoboa tundu kubwa la kombora. Nilijiambia ni pambo tu.

Ta Rwegasira alikuja siku ya kupanga vitu, wageni hawajafika.

“Shikamoo, Tata.”

Aliinama, akakifuata kifusi kwa kidole bila kukigusa.

“Ni hapa?”

“Ni hapa, waitu,” nikajibu kwa heshima.

“Kombora likipita hapa, matofali hutawanyika. Haya yamelala na safu zake. Ukuta huu haukupigwa. Umeanguka.”

Akainua macho, akanitazama.

“Nani aliupima?”

“Mimi.”

“Ulikwangua?”

“Niligonga.”

Nilitaka kumweleza habari za uchovu na mvua. Ni kweli nilikuwa nimechoka. Mwanawe alikuwa amechoka pia.

Akanyoosha mgongo. “Lizibe hilo tundu,” akasema.

Nikaliziba kwa udongo mbichi, yeye akitazama. Bwana Shauri alipopita akauliza kombora lilipiga wapi. Nikamwambia, halikupiga hapa, bwana, ni ukuta mbaya tu. Akasema kazi ni nzuri, lakini watu hawatajua kuwa ni vita. Nadhani kwa upande wake alisema kweli. Ubao ukawekwa nyuma ya magunia ya kahawa.

Pengine ningekwangua, Kamugisha angeketi mahali pengine na kufa kesho yake. Wengi walikufa. Nimelifikiria hilo mara nyingi na halinisaidii, kwa sababu sikukwangua.

Nilimrudishia Ta Rwegasira msumari wake. Alikataa kuupokea, akasema nilipewa. Hajanitukana hata siku moja, wala sijasikia kwamba alimwambia mtu. Bado anajenga, hapa mjini na kule Muleba. Nikimkuta anakwangua ukuta wa watu, huteremsha mkono, akasubiri nimalize kupita.